Huna oveni? Hivi ndivyo unaoka keki ya bash kwa jiko bila kuchoma picha

Shosho anafikisha 80, ama sistako amegraduate, ama mtoto wa brathako anafunga mwaka wake wa kwanza. Familia imeamua kutakuwa na bash kidogo kwa nyumba, na kwa grupu ya WhatsApp swali limebaki moja tu: keki inaletwa na nani? Wote kimya. Sasa kabla uitoe doo za kuagiza, jua hii: keki ya kulisha familia unaweza kuioka kwa keja yako, bila oveni, na itoke safi. Ile yenye huzama katikati ama kuungua chini si mkosi wala si mkono mbaya. Kila keki ikiharibika huwa kuna sababu, na nyingi ziko kwa vipimo na moto.

Tuanze na hii mambo ya kilo. Huku Kenya keki huuzwa kwa kilo, na wasee wengi hudhani kilo moja ya keki ni kilo moja ya unga. Zii. Hiyo kilo ni uzito wa keki ikiwa imeisha kutengenezwa, na aisingi yake juu. Unga ndani ni kama robo hivi, hata chini ya hapo. So ile pakiti ya kilo mbili iko kwa kabati inaweza kukutolea keki kadhaa.

Kipimo rahisi kushika kwa kichwa ni kile cha zamani cha Waingereza: mayai, siagi, sukari na unga, zote uzito sawa. Yai moja la duka na ganda lake ni kama gramu 55 hadi 60, kwa hivyo mayai manne yanakupeleka kama gramu 230. Huna mizani? Duka la mtaa linayo. Nunua robo ya sukari na robo ya unga, toa kijiko kimoja kikubwa cha kila moja, halafu majarini ya gramu 250 umegee kiasi cha kupaka sufuria. Hapo umemaliza hesabu. Ongeza vijiko vitatu vya maziwa, na vanila ama ganda la chungwa ulilokwaruza. Mimi ningechukua chungwa, vanila ya chupa ndogo wakati mwingine hunukia kama dawa.

Kama unga wako umeandikwa self-raising kwa pakiti, usiongeze beking pauda. Iko ndani tayari. Kama ni unga wa kawaida wa chapo na mandazi, weka vijiko viwili vidogo kwa hiyo robo. Na by the way, hii pauda ilitokana na mambo ya familia pia: mwaka wa 1843 huko Uingereza, mkemia Alfred Bird aliitengeneza juu bibi yake alikuwa na mzio wa hamira.

Kuchanganya ndiko watu huharakisha, na ndiko keki huamuliwa. Anza na majarini na sukari peke yake. Piga na mwiko mpaka rangi ibadilike iwe karibu nyeupe na kitu chote kiwe chepesi, kama dakika 10 hadi 15 za mkono. Utachoka. Vumilia, juu chembe za sukari zinatoboa vishimo vya hewa kwa hayo mafuta, na hivyo vishimo ndivyo pauda itakuja kupanua. Pauda haitoboi mpya. Halafu mayai, moja moja, na yasiwe yametoka kwa friji saa hiyo. Ukiona mchanganyiko unakatika kama maziwa yaliyolala, tupia kijiko cha unga uendelee. Unga wenyewe unaingia mwisho, na hapo koroga kidogo tu mpaka usiuone. Ukiupiga sana unavuta kama chapo, na keki inakuwa ngumu.

Mbona ya YouTube ikizama kwako

Hii wengi hawaambiwi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Eldoret inapita 2,000. Mapishi mengi unayocheki online yaliandikwa na mtu anaishi chini, karibu na usawa wa bahari. Ukiwa juu, hewa inakandamiza kidogo, so gesi ya pauda inafura haraka kuliko keki inavyoshika. Inapanda juu ikikuringia, halafu inaanguka katikati kabla iive. Maji pia yanakauka haraka, ndio maana inatoka kavu.

Dawa si ngumu. Punguza pauda kwa kama robo, yaani kwa vile vijiko viwili weka kimoja na nusu, na uongeze kijiko kimoja ama viwili vya maziwa. Hii ndiyo sababu kwa Nairobi ni afadhali unga wa kawaida kuliko self-raising: pauda iliyo ndani ya pakiti huwezi kuitoa. Kama uko Mombasa ama Malindi, fuata mapishi yalivyo. Shida yako itakuja baadaye, kwa aisingi.

Moto

Tafuta sufuria mbili, moja ikae ndani ya nyingine na nafasi pande zote. Ile kubwa weka mchanga mkavu safi ama mawe madogo chini, funika, ipashe moto dakika 10. Isiwe ya non-stick, hizo hazipendi kuchomwa zikiwa tupu. Ile ndogo ipake majarini, weka karatasi chini, na umimine mchanganyiko ufike nusu ama kupita kidogo. Usijaze, itamwagika.

Kwa jiko la makaa, siri ni kwamba moto mwingi unakaa juu. Chini acha makaa machache yenye yameanza kuvaa majivu, halafu mengine yawekwe juu ya kifuniko cha bati. Wengi hufanya kinyume, ndio unapata chini makaa, juu uji. Kama ni gesi, shusha moto mpaka mwisho. Juu itabaki nyeupe, lakini usijali, utaipindua na aisingi itafunika.

Dakika 30 za kwanza usifungue. Kila ukichungulia joto linatoroka na katikati inashuka. Kati ya dakika 45 na saa moja, dunga kijiti safi katikati. Kikitoka kikavu, imeiva. Kikitoka na tope, rudisha dakika 10.

Na hapa hakuna jokes: jiko la makaa lisiwake ndani ya keja imefungwa. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, na inaua watu wakiwa wamelala. Okea nje, kwa balcony, ama mlango na dirisha zikiwa wazi kabisa. Mvua ikinyesha, ngoja iishe.

Kuipamba

Bash ni Jumamosi? Oka Ijumaa. Keki ikiwa na joto hata kidogo, aisingi inateleza kama matope ya Githurai. Ilale usiku mzima ikiwa imefunikwa, asubuhi ukate ile nundu ya juu na kisu cha mkate. Hiyo nundu ni ya mpishi.

Aisingi ya kawaida ni siagi ama majarini kipimo kimoja, sukari ya aisingi vipimo viwili. Kwa keki hii, gramu 200 kwa 400 zinatosha. Sukari ya kawaida ukiisaga na blenda bado itakwaruza ulimi, so usijaribu kuokoa hapo. Paka safu nyembamba kwanza ishike makombo, iache dakika 30 ikauke, ndio upake ya pili. Hiyo safu ya kwanza ndiyo tofauti kati ya keki inakaa ya duka na keki inakaa imevaa sweta. Kwa joto la Pwani, siagi tupu itayeyuka kabla ya maombi ya kufungua kuisha. Tumia majarini ama uchanganye nusu na mafuta meupe ya kuganda.

Ya kuandikia jina, usihangaike na mifuko. Ile ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku hapa tangu Agosti 2017. Kunja karatasi ya kuokea iwe koni, kata ncha, ujaribu kwa sahani kwanza. Na uliza mathe spelling kabla, juu jina la shosho likikosewa litabaki kwa picha za familia milele.

Waridi za barabarani zinapendeza, lakini zinakuzwa na dawa za wadudu, hazikukusudiwa kuliwa. Funga shina vizuri na uzitoe kabla ya kukata, ama uweke pembeni ya sahani. Yale maua ya pinki ya oleanda yanayopandwa kwa ua, achana nayo kabisa. Ni sumu.

Kusafiri nayo: kwa mat, boksi likae kwa mapaja, si kwa kiti, na nduthi usijaribu. Kama ni safari ya ushago, beba keki tupu na aisingi kwa mkebe, upambe ukifika.

Kilo moja inalisha kama watu 10 hadi 12. Wakiwa zaidi, kata vipande vya mraba badala ya pembetatu, na wazee wapewe kwanza. Halafu kama kuna mbogi imeficha ndoo za maji nyuma ya nyumba kungoja mwenye siku, tafadhali, keki iondolewe mezani kwanza.