Kaburi Kama Hati

Mgeni akifika Malindi hupelekwa kwanza kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Mimi ningeanza na makaburi ya mnara yaliyo kando ya Msikiti wa Juma, katikati ya mji, ambapo wanaokwenda kuswali huwapita marehemu kila siku. Kule Gede kuna kaburi lenye mwaka: 802 Hijria, yaani 1399. Mwaka huo mmoja umewasaidia wanaakiolojia kukadiria umri wa majengo mengine pale.

Kwa hiyo kaburi ni ushahidi. Lakini ushahidi kwa nani?

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi hapa Pwani. Mwenye shamba alitakiwa apeleke madai yake; ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Uingereza. Wamijikenda wengi walikuwa na makaburi ya wazee, na Wagiriama vigango vyao, si karatasi. Wajukuu wao ndio hawa tunaowaita maskwota, eti. Ukiwauliza kwao ni wapi, wanakuonyesha kaburi la babu. Siku hizi naona mengi yamepigwa simenti, jina na mwaka vimeandikwa kwa msumari kabla haijakauka.