Kaburi la Scipio Africanus

Kaburi la Scipio Africanus ni kaburi la kihistoria katika uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Maria huko Henbury, kitongoji cha mji wa Bristol, Uingereza. Hapo alizikwa kijana Mwafrika aliyefariki tarehe 21 Desemba 1720 akiwa na umri wa miaka 18. Ni mojawapo ya makaburi machache ya wakati huo nchini Uingereza yanayomtaja kwa jina Mwafrika aliyetiwa utumwani.

Maisha

Kijana huyo alimtumikia Charles William Howard, kabaila mwenye cheo cha Earl wa Suffolk. Mke wa kabaila huyo, Arabella, alitoka katika familia yenye jumba kubwa Henbury. Jina ambalo kijana alipewa na wazazi wake halikuhifadhiwa. Scipio Africanus lilikuwa jina la jemadari wa Roma ya Kale aliyemshinda Hanibali wa Karthago mwaka 202 KK. Mabwana wa Kiingereza walizoea kuwapa watumwa wao majina ya Kirumi. Wakati ule Bristol ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Meli zake zilichukua watu Afrika Magharibi na kuwapeleka Karibi na Amerika.

Muundo na maandishi

Kaburi lina mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni, yaliyochongwa na kupakwa rangi. Mapambo yake ni pamoja na makerubi weusi. Jiwe la kichwani linamwita marehemu mtumishi. Shairi lililo kwenye jiwe la miguuni linataja utumwa wazi: linasema kwa nafsi ya kwanza kwamba alizaliwa mpagani na mtumwa, akalala kaburini akiwa Mkristo, tena linamsifu bwana wake. Hata hivyo maneno hayo yaliandikwa na wengine baada ya kifo chake.

Uhifadhi

Kaburi limeorodheshwa na serikali kama urithi wa taifa wa daraja la II*. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliiangusha sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa aliyefariki mwaka 1721, wakaitupa katika bandari ya Bristol. Siku chache baadaye jiwe la kichwani la kaburi lilivunjwa, na ujumbe ukaachwa ukidai sanamu hiyo irudishwe. Wananchi walichanga fedha ili kaburi litengenezwe.