Taarikh ya Uraia wa Wamakonde wa Kwale

Katika mashamba ya mkonge na miwa yaliyotanda kusini ya Mombasa, upande wa Msambweni na Ramisi, walikuwako tangu zama za Mwingereza watu waliokata mkonge, wakapalilia miwa, wakaoana, wakazaa na kuzikana huko huko, ilhali dola iliyowataka kwa kazi haikuwaandika kuwa wenyeji, na dola iliyoirithi ile ya kwanza haikujua iwaweke fungu gani. Hao ndio Wamakonde, ambao asili yao ni nyanda za juu za Mueda, kaskazini ya Msumbiji, na ambao walianza kuletwa Kwale kwa kibarua katika miaka ya 1930; wengine wakafuata baadaye wakiukimbia mkono wa Mreno, hasa baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 1960 na vita vya ukombozi vilivyowaka mwaka 1964. Wengi huwajua kwa vinyago vyao vya mpingo, ambavyo viliuzwa kwa watalii wa mwambao wa Kenya hali mchongaji mwenyewe hahesabiwi kuwa Mkenya.

Tarehe 12 Disemba 1963, Kenya ilipojitawala, na ukanda wa maili kumi wa pwani, uliokuwa bado ni milki ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, ulipoingia katika dola mpya, katiba ilimfanya raia kwa nguvu ya sheria kila aliyezaliwa nchini, maadamu na mmoja wa wazazi wake alizaliwa humo. Aliyezaliwa nchini pasi na mzazi wa namna hiyo alipewa muhula wa miaka 2 aombe kuandikishwa. Kwa dhahiri ya mambo, waliotunga kanuni hiyo walikuwa na Wahindi na Wazungu akilini, watu wa mijini wenye mawakili na magazeti. Kibarua wa shamba, ambaye habari za serikali humfikia kwa kinywa cha mnyapara, hakuwamo katika hesabu yao. Muhula ukapita mwishoni mwa 1965, na sidhani kwamba ni kwa taksiri ya wale vibarua.

Hata hivyo katiba ile ile ilikuwa na rehema moja kubwa: kila mtoto atakayezaliwa Kenya tangu siku ya uhuru alikuwa raia kwa kuzaliwa tu, bila kuulizwa babu yake alitoka wapi, isipokuwa wachache kama watoto wa mabalozi. Maana yake ni kwamba mtoto wa Kimakonde aliyezaliwa Makongeni, huko huko Kwale, mwaka 1970 alikuwa Mkenya kisheria, ajapokuwa hakupata karatasi ya kulithibitisha jambo hilo. Mwaka 1985 Bunge likakigeuza kifungu hicho, likasharutisha kwamba mmoja wa wazazi awe raia, na likaurudisha mgeuzo huo nyuma hata Disemba 1963. Basi watu wazima waliokuwa raia kwa zaidi ya miaka 20 wakavuliwa uraia kwa kalamu, aghalabu bila wao wenyewe kujua kwamba walikuwa nao. Katika taarikh nzima ya jambo hili sioni dhuluma iliyozidi hiyo.

Asiyekuwa na kitambulisho Kenya hana ruhusa ya kupiga kura, wala hafungui akaunti ya benki, wala hasajili laini ya simu kwa jina lake, na kila amwonapo askari barabarani huwa na khofu. Haikuwa ajabu, basi, kwamba baadhi yao walitafuta kitambulisho kwa majina ya Wadigo, wenyeji wa Kwale.

Katiba ya 2010, na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliyofuata, zilifungua njia upya. Mwenye kukaa nchini kihalali miaka 7 mfululizo aweza kuomba, na kadhalika aliyeoana na raia kwa miaka 7, awe mume au mke, ilhali katiba ya awali ilimpa fursa hiyo mke wa raia peke yake. Kwa asiye na dola, sheria ilisema kwamba aliyekuwako tangu 12 Disemba 1963 aandikishwe, pamoja na kizazi chake, mradi ajue Kiswahili au lugha ya wenyeji. Sharti hilo Wamakonde wa Kwale walilitimiza tangu utotoni. Lakini hapa tena pakawekwa muhula, wa miaka 5, nao ukaisha Agosti 2016, kisha ukaongezwa mingine 3.

Oktoba ya mwaka huo huo Wamakonde walishika njia ya Nairobi kwa miguu. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akawaomba radhi, akaamuru wapewe hati kabla ya Disemba kwisha. Nao wakatajwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mlango huo ukawafaa na wengine: Washona, waliokuja kutoka Rhodesia kwa ajili ya dini, wakatambuliwa mwaka 2020, watu wapatao 1,670 wakitangazwa siku ya Jamhuri ya mwaka huo, na Wapemba wa Kilifi, wavuvi, mwaka 2023.

Walakini ile tarehe ya 1963 ingali katika maandishi ya sheria. Mmakonde aliyevuka mpaka mwaka 1967 akiikimbia vita haimhusu. Lililobaki kwake, kwa herufi ya katiba, ni ile njia ya miaka 7 ya ukaazi wa kihalali, nayo yataka kibali ambacho kibarua wa mkonge hakupewa kamwe.