Mchungaji Aliyerudi Mlimani: Sira ya Richard Reusch wa Kilimanjaro

Mtu apandaye Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, baada ya kupita msitu, nyika ya juu na jangwa la mawe lililolala baina ya Mawenzi na Kibo, hufika alfajiri kwenye ukingo wa kasoko akiwa amechoka mno hata hana nafasi ya kuuliza habari za majina anayotajiwa na mwongozi wake. Mahali pale pa kwanza paitwa Gillman. Mbele yake paitwa Stella. Na chini, ndani ya kasoko kuu, ambamo ardhi ingali ina joto na harufu ya kibiriti hutoka kwenye nyufa, pana kasoko ndogo iitwayo Reusch. Majina hayo yote ni ya watu waliopumua kwa taabu hewa ile ile hafifu. Lakini sira ya mwenye jina la mwisho yastahili kukumbukwa na wasomaji wa lugha hii, kwa maana aliipenda nchi yetu kwa miguu, kwa kalamu na kwa sala.

Richard Reusch alizaliwa mwaka 1891 katika milki ya Kaisari wa Urusi, katika jamaa ya Wajerumani waliokuwa wamefanya maskani huko. Alisoma ilimu ya dini katika Chuo Kikuu cha Dorpat, mji ambao leo waitwa Tartu nchini Estonia, akavaa sare ya afisa katika jeshi la Kaisari, na mapinduzi ya mwaka 1917 yalipoivunja dola ile akawa miongoni mwa halaiki ya watu walioamka asubuhi wakajikuta hawana nchi. Mtu aliyepatwa na msiba wa namna hiyo angaliweza kuumaliza umri wake akinung'unika. Yeye alijiunga na Misheni ya Leipzig, ambayo ilikuwa na makanisa Uchagani tangu mwaka 1893, akafika Tanganyika mwaka 1923, akaanza kujifunza upya kila kitu: lugha, njia, na adabu ya kuketi na wenyeji.

Mlima aliokuta mbele ya macho yake ulikuwa umekwisha kupandwa. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, wakakipa jina la Kaisari wa Ujerumani. Hivyo hapakubaki fahari ya kuwa wa kwanza. Lakini Reusch hakuwa mtu wa kupanda mara moja, kujisifu, na kuondoka. Alipanda, akashuka kufundisha na kuhubiri, akapanda tena. Na kwa hesabu iliyohifadhiwa katika tarikhi ya mlima ule, alipanda mara 65. Wachaga, ambao humwita Mungu Ruwa, tangu zamani waliutazama Kibo kwa heshima ipasayo mahali pasipo pa mchezo, na naona kwamba mchungaji huyu aliifahamu heshima hiyo kuliko wageni wengi, kwa sababu mtu hazoei kurudi mara nyingi hivyo mahali ambapo moyo wake haupati kitu.

Mwaka 1926, kwenye ukingo wa kasoko, alikuta mzoga wa chui uliokaushwa na baridi, juu sana kupita mahali ambapo mnyama wa namna ile hupata windo lake. Akakata sikio moja, akashuka nalo. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini akumbukaye yaliyompata mchungaji mwenziwe, Johannes Rebmann, ataona hekima iliyomo: Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, akaandika kwa ikhlasi aliyoyaona, na mabingwa wa jiografia huko Ulaya, waliokuwa wameketi vitini mwao, wakamkanusha miaka mingi kwa kuwa barafu chini ya jua la ikweta haikuingia akilini mwao. Theluji haichukuliki hadi London. Sikio la chui huchukulika. Habari za mnyama yule zilienea, na Ernest Hemingway akamtaja mwanzoni mwa hadithi yake ya mwaka 1936 juu ya theluji za Kilimanjaro. Ni kiumbe gani aliyemwita chui huko juu, au ni njaa gani iliyomsukuma, hakuna binadamu aliyejua.

Wala miguu yake haikuizidi akili yake. Mwaka 1931 alitoa kitabu kwa Kijerumani juu ya Uislamu katika Afrika ya Mashariki na tarika zake, na mwaka 1954 akatoa kingine juu ya tarikhi ya Afrika ya Mashariki. Kasisi wa mlimani aliyejitaabisha kuijua dini ya watu wa pwani alikuwa anatenda jambo lile lile alilotenda Kibo: kukipanda kwa subira kitu ambacho wengine huridhika kukitazama kwa mbali. Katika safari hiyo ndefu ya maisha alikuwa na mwenzi, mkewe wa Kimarekani, Elveda Bonander; na nyumba ya mtu wa safari husimama kwa saburi ya yule anayengoja kama inavyosimama kwa ushujaa wa yule anayekwenda.

Insafu yataka tuwataje na wengine waliongojwa majumbani mwao. Hakuna mgeni aliyefika Kibo bila mabega ya wapagazi na macho ya waongozi wa Uchagani, waliochukua kuni, maji, mahema na chakula, wakalala kwenye baridi ile ile kwa mavazi mepesi zaidi. Na ramani haikuwawekea hata jiwe moja.

Mwaka 1954 serikali ya Tanganyika iliipa kasoko ya ndani jina la Reusch, na katika miaka hiyo yeye akahamia Marekani, katika jimbo la Minnesota, nchi ya maziwa isiyo na mlima wa kufikia hata magoti ya Kibo. Huko alifundisha chuoni, na huko alifariki mwaka 1975.

Baina ya miaka hiyo mambo makubwa yalipita. Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, mwenge uliwashwa juu ya Kibo, na kilele kilichoitwa kwa jina la Kaisari kikaitwa Uhuru, kama ilivyopasa. Jina lililoletwa na mamlaka liliondoka nyuma ya mamlaka yenyewe. Jina la mchungaji, mtoto wa dola nyingine iliyoanguka, halikuondolewa na mtu. Lingali pale ndani, chini ya kilele, karibu na joto la ardhi, mahali ambapo wapandaji wengi hawashuki kwa kuwa wana haraka ya kurudi nyumbani.