Kesi ya kuvunja iliyobadili sheria: Gideon na haki ya kupata avoka

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Juni 1961, ukumbi wa kuchezea biliadi ulivunjwa mjini Panama City, jimbo la Florida, Marekani. Sarafu za ndani ya mashine ya sigara ziliibwa. Shahidi mmoja alisema alimwona humo Clarence Earl Gideon, maskini wa miaka 50 aliyekwisha kufungwa mara kadhaa. Akakamatwa.

Wengi huona kosa kama hili ni wizi mdogo tu. Sivyo. Kwa sheria ya Florida, kuvunja na kuingia kwa nia ya kuiba kulikuwa kosa zito, hata kama kilichochukuliwa ni vichele. Kwetu Congo pia, wizi wa kawaida huadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka 5, lakini ukifanywa kwa kuvunja, kupanda ukuta au kutumia funguo za bandia, ni hadi miaka 10.

Gideon aliomba wakili. Jaji akakataa: wakati ule Florida ilimpa maskini wakili wa bure pale tu aliposhitakiwa kwa kosa la kunyongwa. Akajitetea mwenyewe, akapigwa miaka 5. Kutoka gerezani aliandikia Mahakama Kuu ya Marekani kwa kalamu ya risasi. Tarehe 18 Machi 1963 majaji wote 9 wakampa haki.

Kesi ilirudiwa Agosti, jaji yule yule, safari hii pamoja na wakili Fred Turner. Dereva wa teksi alieleza kwamba asubuhi ile Gideon alimwomba asimwambie mtu kuwa amembeba. Maneno mabaya hayo! Turner akauliza tu: siku nyingine je, alisema hivyo? Ndiyo, kila mara, kwa sababu ya ugomvi na mke wake. Gideon aliachiliwa, baada ya miaka 2 hivi kifungoni.

Mkimbizi wa vita anayekamatwa mtaa asikojulikana, bila jirani wa kumtolea ushuhuda, yuko karibu na hali ya Gideon. Katiba ya Congo ya mwaka 2006, kifungu cha 19, inampa haki ya kusaidiwa na mtetezi anayemchagua katika kila hatua, kuanzia uchunguzi wa polisi. Anaweza kumdai kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote.