Kiti cha Mbele

Vernon Castle alifariki tarehe 15 Februari 1918 katika uwanja wa ndege wa Benbrook, karibu na mji wa Fort Worth, Texas. Alikuwa na umri wa miaka 30. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa bado vinaendelea, lakini hakuuawa na adui. Alikuwa akimfundisha kijana urubani.

Kabla ya vita dunia ilimjua kwa miguu yake. Mwingereza huyu, mzaliwa wa Norwich, alicheza dansi pamoja na mkewe Irene, Mmarekani, wakapata sifa Paris mwaka 1912 na baadaye New York. Bendi yao iliongozwa na James Reese Europe, mwanamuziki mweusi, jambo ambalo Marekani ya siku zile haikulizoea. Wao ndio walioieneza fokstroti, dansi ile ile ambayo baadaye ilichezwa hata katika vilabu vya mwambao wetu wa Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1916 aliiacha fahari hiyo, akajifunza urubani na kujiunga na Kikosi cha Ndege cha Kifalme cha Uingereza. Aliruka juu ya mahandaki ya Ufaransa, akaangusha ndege mbili za Wajerumani, na Wafaransa wakamtunuku nishani. Kisha akapelekwa Kanada kuwa mwalimu. Wengi wangeona kwamba hapo ndipo hatari ilipokwisha.

Haikuwa hivyo. Chombo cha kufundishia kilikuwa Curtiss JN-4, ndege ya mabawa ya tabaka mbili, iliyoundwa kwa mbao, kitambaa na nyaya, yenye injini ya nguvu ya farasi 90. Viti vyake viwili vilifuatana kama vya mtumbwi. Injini ilikaa puani, nyuma yake kiti cha kwanza, na nyuma zaidi kiti cha pili. Desturi ilikuwa mwanafunzi akae mbele na mwalimu nyuma. Lakini ndege inayoanguka aghalabu hutangulia pua, na hapo aliye mbele ndiye anayepokea uzito wote wa injini na ardhi. Kwa maneno mengine, desturi ilimweka asiyejua kitu mahali pa kufa.

Castle alilijua hilo kwa macho yake. Mwaka 1917, huko Deseronto, Kanada, ndege aliyokuwa akifundishia iliangukia paa la banda la ndege. Yeye, aliyekuwa nyuma, alinusurika. Mwanafunzi wake wa mbele alikufa. Tangu siku hiyo Castle alikaa kiti cha mbele. Hakuna kanuni iliyomlazimisha.

Majira ya baridi yalipoingia, kikosi kilihamia Texas, kwani theluji ya Kanada haikuruhusu mafunzo kuendelea. Huko Benbrook, siku ile ya Februari, ndege nyingine ilijitokeza katika njia yake, karibu sana na ardhi. Castle aliinua pua ghafla ili zisigongane. Bawa hubebwa na hewa inayolipitia kwa kasi. Pua ikiinuliwa kupita kiasi, hewa huachana na bawa, na chombo huwa mzigo tu. Angekuwa juu zaidi, angeiteremsha pua, akakusanya kasi na kuinuka tena. Nafasi hiyo hakuwa nayo. Ndege ilianguka, naye akafa. Mwanafunzi wake, aliyekuwa nyuma, hakuumia sana, wala rubani wa ndege ya pili, wala Jeffrey, kima aliyefugwa na Castle.

Magazeti yalimlilia mcheza dansi. Mwaka 1939 Fred Astaire na Ginger Rogers waliigiza maisha ya wawili hao katika filamu, na kwa watu wengi Castle amebaki kuwa bwana wa suti na muziki. Ni haki yake, ila ni nusu ya haki. Kuikwepa ndege ile kulikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Kubadilisha kiti kulikuwa uamuzi aliourudia kila asubuhi kwa miezi kadhaa, akijua sababu yake.

Wanajeshi 39 wa kikosi hicho, maofisa na wanafunzi, walipoteza maisha Texas. Kumi na mmoja wamezikwa huko huko. Castle alisafirishwa hadi New York, akazikwa katika makaburi ya Woodlawn, na mtaa mmoja wa Benbrook una jina lake.