Mali ya gemu kwa tokeni: anayenunua anamiliki nini?

Kijana wa Lunyo, wilayani Busia upande wa Uganda, akinunua vazi au silaha mpya katika gemu anayoicheza kwenye simu, hutoa fedha halali kutoka mfukoni mwake. Siku atakapochoka na gemu hiyo, hatakuwa na kitu cha kuuza. Masharti ambayo wachezaji wengi huyakubali bila kuyasoma hueleza kwamba kilichotolewa ni ruhusa ya kutumia, si mali. Kampuni inaweza kuifunga akaunti, kukibadilisha kitu hicho au kukiondoa kabisa. Wapenzi wa gemu za kandanda za kampuni ya EA wanalifahamu vyema jambo hili: kadi za wachezaji nyota walizozikusanya mwaka mzima, nyingine kwa fedha taslimu, hazihamii katika toleo la mwaka unaofuata.

Kero hiyo ndiyo iliyowapa nguvu wale waliotaka kuviandikisha vitu vya gemu katika blokicheni, ili mchezaji awe mmiliki kamili, mwenye haki ya kuuza, kukodisha au kurithisha alichonunua. Ahadi hiyo imekuwa ikitangazwa kwa zaidi ya miaka 7 sasa, na imewafikia pia vijana wa Busia na Tororo kupitia mitandao ya kijamii, mara nyingi ikiambatana na madai kwamba mtu anaweza kujipatia riziki kwa kucheza. Sehemu ya ahadi hiyo ni kweli. Sehemu kubwa zaidi si kweli, au ni kweli kwa masharti ambayo muuzaji hayataji.

Blokicheni ni daftari la kumbukumbu ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi zilizotawanyika duniani, bila ofisi moja yenye mamlaka ya kulifuta au kulirekebisha peke yake. Kila muamala mpya hufungamanishwa na uliotangulia, hivyo kuugeuza wa zamani huwa kazi ngumu mno. Ndani ya daftari hilo huandikwa tokeni, yaani alama ya kidijitali inayoweza kumilikiwa na kuhamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Zipo tokeni zinazofanana kama noti za shilingi elfu moja, ambazo mtu hajali amepewa ipi. Na zipo tokeni za kipekee, kila moja ikiwa na namba isiyorudiwa, kama namba ya usajili wa pikipiki. Hizi za pili ndizo zinazowakilisha upanga, kiwanja, gari au mnyama wa gemu.

Mmiliki hutumia pochi ya kidijitali, ambayo licha ya jina lake haihifadhi mali yoyote. Inahifadhi ufunguo wa siri, na mwenye ufunguo ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye mali. Aliyepoteza hati ya ardhi anaweza kwenda kwa msajili, akaapa na kuomba nakala nyingine. Aliyepoteza ufunguo wa pochi hana mlango wa kubisha.

Gemu ya kwanza ya aina hii kuvuta macho ya umma ilikuwa CryptoKitties, iliyotolewa mwishoni mwa 2017 na kampuni ya Axiom Zen ya Vancouver, Kanada. Wachezaji walinunua paka wa katuni, wakawazalisha na kuwauza watoto wao, na wapo paka waliouzwa kwa zaidi ya dola 100,000 za Marekani. Desemba ya mwaka huo biashara ya paka ilikuwa kubwa kiasi cha kuchelewesha miamala mingine katika mtandao wa Ethereum. Januari 2018 ilipendekezwa kanuni iitwayo ERC-721, iliyoweka utaratibu wa pamoja wa kutengeneza tokeni za kipekee, na tangu hapo kitu kilichoundwa na kampuni moja kikaweza kuuzwa katika soko la mtandaoni lisilo lake.

Hati ni yako, soko si lako

Kinachoandikwa katika blokicheni kwa kawaida ni namba ya tokeni, anwani ya mmiliki na kiungo kinachoelekeza mahali picha ilipo. Umbo la upanga, nguvu zake, uwanja unaopiganiwa na wapinzani wa kupigana nao vyote vimo katika seva za kampuni inayoendesha gemu. Ni sawa na mfanyabiashara mwenye hati halali ya kibanda sokoni. Hati ni yake, hakuna anayebisha. Lakini mwenye soko akilifunga lango, hati haiuzi nyanya.

Hayo yalitokea katika gemu ya mbio za magari iliyoitwa F1 Delta Time. Mei 2019 gari moja la gemu hiyo liliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya dola 100,000. Machi 2022, baada ya kampuni iliyoitengeneza kushindwa kuendelea na leseni ya kutumia jina la mashindano ya Formula 1, gemu ilifungwa. Kampuni iliahidi kuwapa wamiliki vitu mbadala katika gemu zake nyingine. Tokeni ya gari lile haikufutika katika daftari. Kilichokosekana ni barabara ya kuliendeshea.

Ahadi nyingine iliyorudiwa sana ni kwamba upanga ulionunuliwa katika gemu moja utaweza kutumika katika nyingine. Kiufundi, tokeni inaweza kusomwa popote. Ila gemu ya pili italazimika kuuchora upanga huo upya, kuupimia nguvu na kuuandikia programu yake, kazi ambayo kampuni shindani haina sababu ya kuifanya kwa ajili ya mteja aliyemlipa mwingine. Kampuni kubwa hazikuonyesha shauku. Valve, inayomiliki soko la gemu la Steam, ilipiga marufuku gemu zinazotumia blokicheni Oktoba 2021. Julai 2022 watengenezaji wa Minecraft walitangaza kwamba hawataruhusu tokeni za kipekee katika gemu yao, wakieleza kwamba zinawatenga wachezaji wasio na uwezo. Ubisoft ya Ufaransa ilijaribu, na jaribio lake la kwanza likaachwa ndani ya miezi michache.

Axie Infinity na riziki ya kucheza

Mfano uliogusa maisha ya watu wengi zaidi ni Axie Infinity, gemu ya viumbe vya kupigana iliyotengenezwa na kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam. Ili kuanza kucheza, mtu alihitaji viumbe 3, kila kimoja kikiwa tokeni ya kipekee. Akishinda alipata tokeni nyingine za kawaida ziitwazo SLP, ambazo zilitumika kuzalisha viumbe vipya au kuuzwa kwa fedha. Mwaka 2021, wakati janga la korona lilipowanyima wengi kazi, maelfu ya watu nchini Ufilipino waliifanya gemu hii kuwa ajira yao ya kila siku.

Bei ya viumbe ilipopanda hadi mamia ya dola, wasio na mtaji walianza kukopeshwa. Mwenye viumbe aliwakabidhi wachezaji, wakacheza, kisha wakagawana mapato. Wakazi wa Busia hawahitaji maelezo marefu kuhusu mpango huo, kwani ndio ule ule wa mwenye pikipiki na dereva anayepeleka hesabu jioni. Na jina la bodaboda lenyewe lina asili yake katika mpaka huu. Tofauti iko kwa abiria. Dereva wa bodaboda hulipwa na mtu anayetaka kufika mahali fulani. Mchezaji wa Axie alilipwa, kwa sehemu kubwa, kutokana na fedha za mchezaji mpya aliyetaka naye kulipwa.

SLP zilitolewa kila siku bila kikomo, na matumizi yake makuu yalikuwa kuzalisha viumbe ambavyo vilihitaji mnunuzi mpya. Idadi ya wachezaji ilipopita milioni 2 kwa siku mwishoni mwa 2021, tokeni zilizomwagwa sokoni zilikuwa tayari zimewazidi wanunuzi. SLP moja iliyokuwa ikiuzwa kwa zaidi ya senti 30 za Marekani katikati ya 2021 ilikuwa chini ya senti 1 mwaka mmoja baadaye. Waliokopa fedha kununua viumbe walibaki na deni ambalo bei yake haikushuka.

Kisha ukaja wizi. Tarehe 23 Machi 2022 wadukuzi waliingia katika mtandao wa Ronin, uliokuwa ukibeba miamala ya Axie, wakachota sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban dola milioni 620. Mtandao huo ulikuwa na walinzi 9 wa kuidhinisha miamala, na sahihi 5 zilitosha. Wezi walizipata 5. Wizi haukugunduliwa hadi siku 6 baadaye, mteja mmoja aliposhindwa kutoa fedha zake. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lililitaja kundi la Lazarus linalohusishwa na Korea Kaskazini. Sky Mavis ilikusanya fedha kutoka kwa wawekezaji na kuahidi kuwafidia wateja, na huduma ilirejea mwishoni mwa Juni. Daftari lisiloweza kughushiwa halikuwa limeghushiwa. Lilirekodi wizi huo kwa usahihi kabisa.

Mpaka mmoja, sheria mbili

Kwa mkazi wa Lunyo, Malaba au mji wa Busia, ambako watu hubeba laini mbili za simu na shilingi za nchi mbili, swali la kisheria hubadilika kwa kuvuka barabara. Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda iliwaandikia watoa huduma za malipo wenye leseni ikiwakataza kuwezesha ubadilishaji wa sarafu za kripto kuwa pesa za simu, na kinyume chake. Shauri la kuupinga waraka huo lilitupiliwa mbali na Mahakama Kuu mwaka 2023. Waraka huo uliwafunga watoa huduma, nao hauzungumzii kosa la mtu binafsi kumiliki tokeni. Lakini kwa vitendo, aliyeuza kitu cha gemu na kulipwa kwa kripto hubaki kumtegemea mtu asiyemjua wa kumbadilishia, na akitapeliwa, hana kampuni yenye leseni ya kuilalamikia.

Upande wa Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 ilizitaja tokeni za kipekee waziwazi miongoni mwa mali za kidijitali, na kuanzia Septemba 2023 kila uhamishaji ulitozwa kodi ya asilimia 3. Kodi hiyo ilikatwa katika thamani yote ya mauzo, si katika faida: aliyenunua kitu kwa shilingi 20,000 akakiuza kwa hasara kwa shilingi 10,000 alidaiwa shilingi 300 juu ya hasara yake. Ilifutwa Julai 2025, na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 10 unaotozwa katika ada za kampuni zinazotoa huduma hizo. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria ya kuzipa leseni kampuni hizo chini ya Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Leseni humwezesha mteja kujua anashughulika na nani. Haidhamini bei ya upanga.

Anayefikiria kununua ana mambo machache ya kukagua kabla ya kutuma fedha. Je, gemu inachezwa na watu wanaoipenda hata kama hailipi? Katika wiki iliyopita vitu kama hicho viliuzwa vingapi, na kwa bei gani, kwa kuwa bei inayotangazwa na bei iliyolipwa ni mambo mawili? Ada ya kuhamisha ni kiasi gani, na fedha zitatoka kwa njia ipi hadi kufika kwenye simu? Anayeahidi faida ya uhakika kila siku, akitaka kwanza mteja alete wenzake, hauzi gemu. Uganda iliona kampuni iliyojiita Dunamiscoins ikifunga milango Desemba 2019 na kuwaacha maelfu ya watu wakidai fedha zao, na hapakuwa na gemu yoyote iliyochezwa.

Pochi nyingi hutoa maneno 12 au 24 ya kuurejesha ufunguo simu inapopotea au kuharibika. Maneno hayo huandikwa kwenye karatasi na kufichwa mbali na simu. Hakuna kampuni halali ya gemu wala mtoa huduma wa pochi anayeyaomba kwa ujumbe au kwa kupiga simu, hata akijitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja.